Sarafu ya Shilingi Mia Mbili na Walimu wa Chati

Safari hii swali lilinikuta msibani, Tabata, nikiwa na sahani ya ubwabwa mapajani. Shemeji yangu alisogeza kiti, akatoa simu, akaikinga kwa kiganja kama mtu anayeonyesha hirizi. Kwenye kioo kulikuwa na chati ya euro dhidi ya dola: mishumaa ya kijani na nyekundu, na juu yake mistari mitano iliyolazwa, kila mmoja na namba yake. "Shemeji," akaninong'oneza, "nyie watu wa fizikia mnajua hii kitu inaelekea wapi. Nipe fomula. Sitaki nyingi. Moja tu."

Nimeshaulizwa hivyo na dereva wa bodaboda, na mhasibu wa kampuni ya watu, na mwanafunzi aliyekuja kuomba nimsimamie tasnifu huku ada ya muhula keshaiteketeza kwenye akaunti ya forex. Wote wamesikia mambo mawili, na yote mawili ni kweli. La kwanza, makampuni makubwa ya fedha huko New York, London na Paris huajiri wanafizikia. La pili, ipo taaluma inayoitwa ekonofizikia, jina alilolibuni Eugene Stanley wa Chuo Kikuu cha Boston na lililoanza kusikika kwenye mkutano wa Kolkata, India, mwaka 1995. Kutoka hapo wanaruka mpaka kwenye imani kwamba fomula ya bei ya kesho tunayo, ila tumeificha kwa roho mbaya. Jamani! Ningekuwa nayo, gari langu lisingekuwa la kusukumwa kila asubuhi.

Isaac Newton, ambaye sisi wengine hatufiki hata kwenye viatu vyake, alikuwa na hisa za Kampuni ya South Sea ya Uingereza mwaka 1720. Aliziuza mapema kwa faida nzuri. Kisha akaona watu wanaendelea kutajirika bila yeye, akarudi kununua bei ikiwa karibu na kilele, akapoteza fedha nyingi. Huyo ndiye aliyekokotoa mwendo wa mwezi.

Swali lenyewe limekosewa tangu mwanzo. Fizikia ya takwimu ilizaliwa siku wataalamu walipokubali kwamba kuna jambo hawataliweza. Lita moja ya hewa ina molekuli ambazo idadi yake inaandikwa kwa tarakimu 23. Hakuna anayejua molekuli hii hapa itakuwa wapi baada ya sekunde moja, na fundi wa tairi hahitaji kujua. Anachohitaji ni msukumo wa hewa yote kwa pamoja, na huo unapatikana kwa hesabu safi kabisa. Anayeniuliza bei ya euro kesho saa nne asubuhi ananiuliza ilipo molekuli moja. Akiniuliza ni mara ngapi katika miaka kumi bei itaruka kwa kishindo, na kishindo hicho kitamwacha na nini mkononi, hapo tunaweza kuvuta viti tukazungumza.

Ila hawaulizi hivyo. Wanauliza kuhusu ile mistari mitano, basi tuanze nayo.

Mistari hiyo hupewa jina la Fibonacci, yaani Leonardo wa Pisa, Mwitaliano aliyejifunza tarakimu za Kiarabu akiwa kijana huko Bugia, Algeria ya leo, na mwaka 1202 akaandika kitabu cha hesabu cha wafanyabiashara. Ndani yake mlikuwa na fumbo dogo la sungura wanaozaana: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, kila namba ikiwa jumla ya mbili zilizotangulia. Ukigawa namba moja kwa inayoifuata unakaribia 0.618. Hiyo ndiyo hadithi yote. Karne nyingi baadaye, walimu wa chati wakachukua 0.618, wakatengeneza na ndugu zake, wakatangaza kwamba bei ikipanda halafu ikishuka, husimama kwenye asilimia 23.6, 38.2, 50, 61.8 au 78.6 ya njia iliyotoka. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa kwamba hata ua la alizeti limepangwa hivyo. Alizeti! Mbegu za alizeti zinasukumana kutafuta nafasi kwenye kichwa kimoja cha ua. Euro inamsukuma nani?

Tuache alizeti tupige hesabu. Ukijumlisha kilele na bonde la chati, una mistari saba. Mwalimu wa chati hasemi kamwe kwamba bei lazima iguse mstari kwa uzi. Akikuta imesimama jirani, anahesabu imetii. Tumpe ukaribu wa asilimia 5 juu au chini ya kila mstari. Mistari mitano ya kati inameza asilimia 50 ya uwanja, na miwili ya pembeni inameza asilimia 5 kila mmoja. Jumla asilimia 60. Kwa hiyo hata nikifumba macho na kuchoma sindano popote kwenye ile chati, mara sita kati ya kumi nitakuwa nimetii Fibonacci. Na bado hatujagusa ujanja mkubwa zaidi: nani aliyechagua kilele na bonde? Mwenyewe. Akiona vya leo havikubali, anachukua vya wiki. Vya wiki vikigoma, anarudi kwenye chati ya dakika kumi na tano. Fundi anayeruhusiwa kuhamisha ukuta hakosi kamwe mlango wa kuutosha.

Muhula uliopita nilifanya jambo la kitoto darasani. Nilitoa sarafu ya shilingi 200, ile yenye Karume upande mmoja na simba upande wa pili, nikawapa wanafunzi wairushe mara 200. Simba ikitokea, mstari unapanda hatua moja ubaoni. Karume, unashuka hatua moja. Mchoro uliotoka ulikuwa na milima, mabonde, mwelekeo wa kupanda uliodumu muda mrefu, kisha anguko. Niliupiga picha, nikafuta maandishi ya pembeni, nikamtumia huyo shemeji bila kumwambia ni wa nini. Jibu lilirudi kabla sijamaliza chai: ni "kichwa na mabega", bega la kulia limekamilika, uza haraka, weka lengo pale chini. Alinichorea na mishale.

Sikumcheka, kwa sababu jicho la binadamu limeumbwa kuona sura hata kwenye mawingu. Ukirusha sarafu mara 200, kupata upande mmoja mara saba mfululizo ni jambo la kutarajia, wala hakuna miujiza. Na ukipiga hatua 200 za kubahatisha, kwa kawaida unajikuta umbali wa hatua kama 14 kutoka ulipoanzia, kipeuo cha pili cha 200. Hatua 14 za kupanda zikiwekwa kwenye kioo cha simu na kupakwa kijani zinaonekana kama neema iliyoandikwa.

Halafu kuna makundi ya signali, yale yanayowatumia watu ujumbe wa kununua au kuuza. Haya yananichosha kuliko mistari yenyewe, maana mistari ni ya bure na signali zinalipiwa kwa mwezi. Kila nikisema chati haitabiri, huletewa ushahidi uleule: "Lakini mwalimu wetu amepatia mara kumi mfululizo, dokta, mimi mwenyewe nimeona kwa macho yangu." Naamini umeona. Sasa chukua kalamu. Mtu ana namba za simu 1,024. Nusu anawatumia ujumbe kwamba euro itapanda leo, nusu nyingine itashuka. Jioni anawafuta waliopata ujumbe mbovu, wanabaki 512. Kesho anawagawa tena, wanabaki 256. Siku ya tano watu 32 wameshashuhudia nabii asiyekosea. Siku ya kumi amebaki mmoja, na huyo atauza pikipiki ya mjomba wake ili aingie kundi la VIP. Hajui kabisa kwamba kuna watu 1,023 waliofutwa njiani.

Wala haihitaji tapeli. Chukua walimu 1,024 waaminifu, kila mmoja akibahatisha kwa moyo safi kwa siku kumi. Kwa wastani mmoja wao atapatia zote kumi, na ndiye atakayealikwa redioni. Wale wengine wamerudi kuuza vocha, na hakuna anayewahoji. Kwa hiyo ushahidi wa "amepatia mara kumi" hauna uzito wowote mpaka uniambie waliokosea walikuwa wangapi. Siku utakayoona kundi la signali linalotangaza idadi ya akaunti zilizoungua ndani yake, niite.

Wenye akili kidogo wana utetezi mwingine, na huu angalau unastahili jibu. Wanasema: hata kama mistari haina maana, watu wengi wakiiamini bei itasimama pale pale, kwa sababu wote watanunua hapo. Fikiria kidogo. Kama kila mtu anajua wote watanunua kwenye 61.8, mjanja atanunua kwenye 61.5 ili awatangulie. Mwenzake atanunua kwenye 61. Baada ya siku chache mstari umetafunwa mpaka umekwisha. Mchumi Brian Arthur aliliweka jambo hili vizuri mwaka 1994 kwa mfano wa baa ya El Farol mjini Santa Fe. Watu 100 wangependa kwenda kusikiliza muziki Alhamisi, na baa inapendeza tu wakiwa chini ya 60. Utabiri wowote ambao wote wanauamini unajiua wenyewe: ukisema itakuwa tupu, wote wanakwenda, ukisema itajaa, wote wanabaki nyumbani. Anayeendesha gari Dar es Salaam hahitaji baa ya Marekani. Njia ya panya ni ya panya mpaka siku itakapotajwa redioni.

Hapo ndipo fizikia ya vitu inapoachana na fizikia ya watu. Molekuli haisomi gazeti. Ukitabiri mwendo wake, haikasiriki ikabadili njia.

Kwa hiyo soko ni sarafu tu? Hapana, na kwangu mimi utamu unaanzia hapa. Mfaransa Louis Bachelier aliandika tasnifu yake mwaka 1900 mjini Paris akiichukulia bei kama mlevi anayeyumba hatua moja huku, hatua moja kule. Ilikuwa miaka mitano kabla Einstein hajatumia hesabu za ukoo uleule kueleza chembe zinazocheza ndani ya maji. Watu husahau: katika suala hili soko la hisa la Paris liliitangulia fizikia. Tatizo la mlevi wa Bachelier ni kwamba ni mlevi mpole mno. Hatua zake zinafuata mchoro wa kengele, ule tunaofundisha kwa urefu wa watu: wengi wako katikati, na ukisogea pembeni wanapungua kwa kasi ya ajabu. Hakuna mtu mwenye urefu wa mita tano.

Bei zina watu wa mita tano. Benoit Mandelbrot alionyesha hivyo mwaka 1963 kwa rekodi za bei za pamba. Mwaka 1995 Rosario Mantegna na Eugene Stanley wakachambua faharasa ya S&P 500 ya Marekani dakika kwa dakika, na picha ikawa ileile: mikia minene. Kwa mchoro wa kengele, mtikisiko mkubwa mara tano kuliko wa siku ya kawaida ungetokea mara moja kila miaka kama 7,000. Soko la Marekani limeyaona ya namna hiyo mara kadhaa ndani ya maisha ya mtu mmoja. Jumatatu ya Oktoba 19, 1987, faharasa ya Dow Jones ilianguka kwa asilimia 22.6 siku moja, wakati siku ya kawaida inatikisika kwa asilimia moja hivi. Kwa kengele, umri wote wa ulimwengu hautoshi kungojea siku kama ile hata nusu yake.

Kilichopimwa na Stanley na wenzake, kisha na wengi baada yao, kwenye hisa za nchi nyingi, ni kanuni ambayo unaweza kuibeba kichwani: ukubwa wa mtikisiko ukiongezeka mara mbili, uwezekano wake unapungua mara nane hivi. Mara nane tu. Kwenye kengele, kutoka mara tano kwenda mara kumi uwezekano unapungua mara zaidi ya mamilioni ya mabilioni. Tofauti hiyo ndiyo iliyowazika watu wenye digrii nyingi. Mfuko wa Long-Term Capital Management wa Marekani ulikuwa na washindi wawili wa Nobeli ya uchumi ya mwaka 1997, Robert Merton na Myron Scholes. Mwaka 1998 ulipoteza zaidi ya dola bilioni 4 katika miezi michache, na mabenki yakalazimika kuingia kuuokoa.

Kwa nini mikia inanenepa? Nenda kwa fundi wa kuchomelea, mwombe aukoleze msumari mpaka uwe mwekundu wa kung'aa, kisha sogeza sumaku. Haishiki. Msumari ukipoa, inashika tena. Chuma hupoteza usumaku wake kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi. Ndani yake kila atomu ni kijisumaku kinachotazama majirani zake na kutaka kuelekea wanakoelekea. Joto likiwa kali, kila kimoja kinajichezea ovyo. Likipungua, wanaanza kusikilizana, na kwenye ukingo wenyewe, kati ya fujo na utii, msukumo mdogo unageuza makundi makubwa kwa mkupuo. Hesabu hii ina jina la Ernst Ising, aliyeichapisha mwaka 1925 akiwazia sumaku tu. Sasa badilisha atomu weka mnunuzi, na majirani weka kundi la WhatsApp.

Watu wakiamua kila mmoja kivyake, makosa yao yanafutana na unapata kengele. Wakianza kutazamana, hayafutani tena. Mwaka 2008, hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma nchini Kenya kwa shilingi 5, watu walipanga foleni, wengine kwa fedha za mkopo, na wengi sababu yao ilikuwa kwamba jirani naye yuko kwenye foleni. Mwanzoni mwa 2009 hisa ilikuwa chini ya shilingi 3. Kampuni ilikuwa ileile, minara ileile. Aliyenunua kwa akiba aliweza kungoja, na aliyengoja miaka kadhaa alilipwa. Aliyenunua kwa mkopo, benki haikungoja naye.

Ukitaka kuona jambo hili bila fedha kuingia katikati, tazama foleni ya magari. Mwaka 2008 watafiti wa Japani, Yuki Sugiyama na wenzake, walichapisha jaribio la magari 22 kwenye njia ya mviringo ya mita 230. Madereva waliambiwa waende mwendo mmoja, kama kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na taa, wala trafiki, wala shimo, wala bajaji. Baada ya muda foleni ikazaliwa yenyewe, ikawa inarudi nyuma kama wimbi, magari yakisimama kabisa. Nani aliileta? Hakuna. Mmoja alikanyaga breki kidogo, wa nyuma akakanyaga zaidi. Fizikia inaweza kukuambia kwamba magari yakizidi kiasi fulani kwenye njia, foleni ni lazima. Ni gari lipi litakalokanyaga breki kwanza? Haijui, na anayedai anajua anakuuzia kitu. Anguko la 1987 lilikuwa na sura hiyohiyo: programu za kompyuta zilizopangwa kuuza bei ikishuka ziliuza, zikaishusha zaidi, zikauza tena.

Msomaji mjuzi ataniuliza kuhusu David Sornette, ambaye mwaka 2008 alianzisha kituo cha kuchunguza mapovu ya soko kwenye ETH ya Zurich, na anayetafuta dalili za anguko kwenye jinsi bei inavyopanda kwa kasi inayojiongeza huku ikitetema. Ni kazi makini. Lakini fomula yake ya msingi ina vigezo saba vya kurekebisha, na mwenye vigezo saba anaweza kuvisha suti karibu mwili wowote. Hata hivyo yeye hazungumzii euro ya kesho asubuhi. Anazungumzia uwezekano, na dirisha la wiki au miezi. Walimu wa chati wanaomtaja hawajafika ukurasa wa pili.

Kitu kimoja tunaweza kukitabiri kidogo, na hakuna anayekiuliza: ukubwa wa mtikisiko, bila upande wake. Siku za fujo hufuatana, na siku za utulivu hufuatana. Jana kukiwa na dhoruba, leo punguza tanga. Mvuvi wa Bagamoyo analijua hilo bila shahada. Kwenye soko, kupunguza tanga maana yake ni kupunguza fedha uliyoiweka mbele ya hatari.

Na hapo tunafika kwenye kinachowaua vijana hasa, nacho ni leveraji, yaani mkopo wa broka. Shemeji yangu ana moja kwa mia tano. Ameweka dola 100, anachezea dola 50,000. Bei ikienda kinyume chake kwa asilimia 0.2, dola 100 zimekwisha. Euro na dola hutikisika zaidi ya hapo siku ya kawaida kabisa, hata kama hakuna habari yoyote. Haijalishi kama mstari wa Fibonacci ulikuwa sahihi mwisho wa wiki. Yeye alishafukiwa Jumanne. Anajibu kwamba ana ile amri ya kukata hasara, "SL" kwa lugha yao. Amri hiyo inafanya kazi bei ikitembea. Ikiruka, haina kitu cha kushika. Januari 15, 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliondoa ghafla kikomo cha faranga 1.20 kwa euro kilichokuwepo tangu 2011, na katika dakika chache euro ikawa chini ya faranga moja. Kati ya bei hizo hapakuwa na wanunuzi wa kutosha. Walioweka amri yao kwenye 1.19 waliuziwa mbali sana chini, na wengine waliamka wakidaiwa na broka zaidi ya walichoweka. Mkia mnene ndio huo.

Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida kwenye biashara hii ya kubashiri bei kwa mkopo hupoteza fedha. Ikapunguza leveraji mpaka moja kwa thelathini kwa sarafu kubwa, ikawalazimisha mabroka kuandika asilimia ya wanaopoteza kwenye matangazo yao. Wanaokuja kwetu na moja kwa mia tano ndio wanaokimbia sheria za namna hiyo.

Ufanye nini basi? Kwa haraka, maana nafasi yangu imekwisha. Usitumie leveraji, ukishindwa kabisa kujizuia, isizidi moja kwa mbili. Usiweke sokoni fedha ya ada, kodi ya nyumba au mtaji wa mama. Kabla ya kununua chochote, jiulize ikishuka nusu kwa siku moja utakula nini, kwa sababu siku hiyo ipo kwenye mkia. Gawa mayai, lakini kumbuka kwamba soko likianguka vikapu vingi huanguka pamoja. Atomu zimeshaanza kutazamana. Hatifungani za Serikali na mifuko ya uwekezaji wa pamoja haina msisimko, na hiyo ni sifa. Hakikisha leseni ya broka kwa mdhibiti mwenyewe, CMSA kwa Tanzania au CMA kwa Kenya, wala si kwa picha ya cheti aliyokutumia. Ukisikia jambo moja la kununua kutoka kwa watu watatu wasiofahamiana, umechelewa. Kundi la signali, toka leo.

Na kwa wenye fomula, sijafunga mlango. Jumatano kuanzia saa nane mchana nakuwa ofisini, na mchoro wa wanafunzi bado uko kwenye kona ya ubao. Njoo na mistari yako, na vilele vyako, na mabega yako. Niambie marusho kumi yanayofuata, moja baada ya jingine, kabla sijarusha. Shemeji, wewe wa kwanza. Sarafu ninayo.